Mdogo wangu wa Taveta, nenda kambini na usiondoke kabla haijaisha

Umeuliza kama kambi ya siku tatu ya kuwakaribisha wanafunzi wapya inastahili shilingi 1,500 pamoja na nauli ya kutoka Taveta, au ni afadhali ubaki nyumbani hadi masomo yaanze. Umeongeza kwamba mama yako anaihofia Mombasa. Mimi niliteremka kutoka Wundanyi miaka minne iliyopita kuja kusoma hapa mjini, nikahudhuria kambi kama hiyo kule Shanzu, nikaiacha katikati, na hasara yake nikaibeba mwaka mzima. Kwa hiyo nakusihi uende, na ukae hadi mwisho.

Siku ya kwanza ilijaa hotuba, na sikumbuki nyingi. Nilikaa nyuma nikiwaza mahali pa kulala, kwa sababu hosteli za chuo zilikuwa zimejaa na nilikuwa nimejihifadhi kwa jamaa yetu Changamwe. Asubuhi ya siku ya pili niliaga, nikaenda Tudor kutafuta chumba. Chumba nilikipata, lakini mchana ule ule wenzangu waliketishwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu wakafundishwa, hatua kwa hatua, namna ya kusajili masomo ya muhula. Mimi niliamini kwamba mtu akishapokelewa chuoni, akalipa karo na kupewa namba yake, kazi imekwisha. Kumbe kila muhula mwanafunzi hutakiwa aingie mwenyewe katika tovuti ya chuo na kuchagua somo moja moja, na somo asilolisajili huhesabiwa kuwa hakulisoma, hata kama hakukosa darasa lake hata siku moja. Nilihudhuria masomo saba na kufanya majaribio yake yote. Wiki moja kabla ya mitihani nikachapisha kadi ya kuingilia chumba cha mtihani, nikakuta masomo matano.

Nilizunguka ofisi hadi ofisi kwa siku nne. Kila karani alinisikiliza kwa adabu na kunielekeza kwa mwenzake, na muda wa kusajili ulikuwa umefungwa zamani. Yale masomo mawili niliyafanya mwaka uliofuata, nikiketi na wanafunzi walionifuata huku wenzangu wamesonga mbele. Hadi leo jambo hilo linaniuma, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya nusu saa kwa mtu aliyeonyeshwa.

Ndiyo maana nasema faida ya kambi ni wale wanafunzi waliokutangulia kuliko hotuba au michezo. Tafuta mmoja anayesoma kozi yako mwenyewe, umwombe namba yake ya simu, na umuulize mambo yasiyoandikwa katika barua ya kuitwa chuoni: mhadhiri yupi huchukua mahudhurio kila kipindi, ofisi ya karo hufunguliwa saa ngapi, vitabu gani vinapatikana maktabani na vipi hutolewa nakala. Usione haya. Mwaka jana mimi nilikuwa miongoni mwa waliowapokea wageni, na wale waliouliza sana ndio niliowakumbuka kwa majina.

Kuhusu fedha, omba mapema mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa vyuo, lakini usipange maisha yako kana kwamba utakuwa mkononi siku utakayowasili. Sehemu ya karo hupelekwa chuoni moja kwa moja, na ile ya matumizi huingia katika akaunti ya mwanafunzi. Kwangu iliingia masomo yakiwa yamekwisha kushika kasi, na katikati hapo nililishwa na mama mmoja muuza mahamri na mbaazi aliyeniandika katika daftari lake bila kunijua. Ukiweza, njoo na akiba ya miezi miwili, yaani kodi, chakula na nauli. Mwenye nyumba atataka pia malipo ya mwezi wa ziada ya kuweka rehani, na wengi wetu hatukuwa tumeyahesabu.

Unapokagua chumba, uliza habari za maji kabla ya kuuliza bei. Chemchemi za Mzima zimo katika kaunti yetu na mabomba yake huleta maji hadi Mombasa, lakini mahali nilipopanga mfereji ulitoka mara mbili kwa wiki, na kisima cha uani kilikuwa na maji ya chumvi yanayofaa kufulia na kuogea tu. Maji ya kunywa tuliyanunua kwa mtungi wa lita 20. Gharama hiyo ndogo ndogo ikijumlishwa kwa mwezi huweza kukifanya chumba cha bei nafuu kiwe ghali kuliko kile ulichokikataa.

Upweke usiudharau. Mimi haukunipata wiki ya kwanza, nilipokuwa na shughuli nyingi, bali yapata wiki ya nne, wakati kila mtu alionekana amekwisha kupata wenzake. Joto lilininyima usingizi, na hata Kiswahili nilichojivunia shuleni kilinipa kigugumizi niliposikia majirani wakisema "yuwaja" na "yuwenda" na kuamkiana "sabalkheri". Kilichonisaidia ni kundi la watu watano wa kozi yetu tuliokutana maktabani kila Jumanne na Alhamisi jioni. Watatu kati yao walikuwa wamefahamiana kambini, nami niliingia kwa kuomba. Ungana na watu wa namna hiyo mapema, hata kama mwanzoni hamna mazungumzo mengine zaidi ya masomo.

Sasa, hofu ya mama yako. Usimwambie kwamba haina msingi. Mwombe aje nawe siku ya kupokelewa, akione chumba kwa macho yake na azungumze na mwenye nyumba. Mama yangu alikuja mwezi wa pili, akiwa amebeba maharagwe na ndizi za Wundanyi, akaketi barazani na bibi mwenye nyumba tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Tangu siku hiyo wao wawili hupigiana simu, na mara nyingi habari za kuumwa kwangu humfikia mama kabla sijampigia mimi.