Shule ianze, kisha imwite mzazi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni nani abebe jukumu la kuwakinga vijana na pombe na dawa za kulevya, shule au familia. Nimefundisha sekondari kwa miaka mingi, nami pia ni mzazi, na jibu langu ni kwamba shule ianze kazi hiyo, kisha imwite mzazi aje kuifanya pamoja na mwanawe, kwa sababu kila upande ukiachiwa peke yake nimeuona ukishindwa.

Nianze na upande wangu. Kwa muda mrefu tulichokiita elimu ya dawa za kulevya kilikuwa siku moja tu kwa mwaka: mgeni anakuja, wanafunzi wanakusanywa ukumbini, wanaonyeshwa picha za mapafu yaliyoharibika, na kuambiwa kwamba atakayeonja mara moja amekwisha. Mwaka mmoja mgeni wetu alileta kisanduku chenye kifuniko cha kioo, ndani yake zimepangwa sampuli, kila moja na kibandiko cha jina lake. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia tangu asubuhi waliinuka wakasongamana mbele, na swali la kwanza likaulizwa na mvulana niliyemjua kuwa mtulivu kuliko wote: "Hiyo ya pembeni inavutwa au inamezwa?" Mgeni alimjibu kwa kirefu. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikajua kwamba siku hiyo tumefundisha, ila si tulichokusudia.

Baadaye nilisoma nikagundua kwamba hatukuwa peke yetu. Mpango wa D.A.R.E., ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1983 na uliowapeleka askari polisi madarasani kufundisha kuhusu dawa za kulevya, ulienea Marekani na kupendwa mno na wazazi, lakini watafiti walipowalinganisha wanafunzi walioupitia na wale ambao hawakuupitia, waliona tofauti ndogo sana katika matumizi ya dawa, na baada ya miaka kadhaa hata hiyo ilikuwa imefifia. Sababu zake mwalimu yeyote anaweza kuzikisia. Kijana aliyeambiwa kwamba bangi na heroini ni kifo kilekile, kisha akamwona mvuta bangi anaamka na kwenda kazini kama kawaida, hataacha kuamini habari za bangi peke yake. Ataacha kuamini na zile za heroini. Tena mtu wa miaka 14 hahangaiki na ini lake la uzeeni. Anahangaika asichekwe kesho.

Kwa hiyo fundisho lenye faida ni lile linaloshughulika na hiyo kesho. Mipango ya stadi za maisha, mfano ule wa mwanasaikolojia Gilbert Botvin ulioanza kujaribiwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, hurudiwa kwa vipindi vingi na kuendelezwa mwaka hata mwaka, na ndani yake mwanafunzi husimama mbele ya mwenzake anayemshawishi, akajaribu kukataa, akababaika, wakacheka wote, akajaribu tena. Jambo jingine ni hesabu. Huwa nawaomba wanafunzi waandike kwenye karatasi, bila majina, kama wao wenyewe walikunywa pombe mwezi uliopita na wanadhani ni wangapi darasani waliokunywa. Tunahesabu karatasi hizo mezani mbele yao, na kila mara makisio huzidi kwa mbali idadi ya waliokiri. Naam, wapo wanaoficha. Hata hivyo ukimya unaofuata hesabu ile una uzito kuliko hotuba zangu zote, kwa kuwa aliyedhani amebaki peke yake anatambua kwamba yumo katika kundi kubwa.

Lakini kengele ya mwisho ikilia mamlaka yangu yamekwisha, na hapo ndipo mzazi anapohitajika. Katika mpango mmoja uliokuzwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kwa familia zenye watoto wa miaka 10 hadi 14, familia hukutana mara 7. Saa ya kwanza wazazi hukaa chumba chao na watoto chao, saa ya pili huketi pamoja. Tuliuiga mtindo huo. Zoezi moja lilimtaka mzazi amsikilize mwanawe dakika mbili bila kumkatiza, kisha arudie alichosikia. Baba mmoja hakufikisha nusu dakika: "Hapana, sivyo ilivyokuwa." Akaanza upya, akamkatiza tena. Mara ya tatu aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akanyamaza, na binti yake akamweleza kwamba sigara yenyewe haitaki, anachoogopa ni kukaa peke yake wakati wa mapumziko. Baba aliyarudia maneno hayo polepole, neno kwa neno. Mimi nilikuwa mwalimu wa binti huyo kwa miaka miwili na sikuwahi kuyasikia.

Wako watakaonitajia Aislandi, ambako mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walilewa katika mwezi uliotangulia, na kufikia 2016 wakawa asilimia 5. Nakubali, ingawa unywaji wa vijana ulipungua pia katika nchi nyingine za Ulaya. Kinachonivutia kule ni kwamba wazazi waliwekeana makubaliano ya saa za watoto kurudi nyumbani, na fedha za umma zikatumika kuwapatia vijana michezo na muziki baada ya masomo, yaani mahali pa kuwa.

Ugumu wetu mkubwa ni mahudhurio, kwani wanaokuja mapema ni wale ambao watoto wao hawatutii wasiwasi. Tulisogeza vikao hadi jioni na kumweka mtu wa kuwaangalia wadogo, wakaongezeka kidogo. Wasiokuja kabisa, mwalimu mnasihi huwapigia simu mwenyewe, wala hataji dawa za kulevya. Huwasimulia jambo moja jema alilolifanya mtoto wao wiki hiyo, kisha huwauliza kama Alhamisi wana nafasi.