Samani za nyumba ya kupangisha na kodi ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya)

SWALI: Napangisha nyumba yenye samani hapa Kilimani kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Je, naweza kutoa gharama za vitanda, friji na ukarabati kabla ya kulipa kodi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Inategemea uko katika mfumo upi. Pango la makazi la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya pango lote, na hapo huruhusiwi kutoa gharama hata moja. Kwako ni shilingi 4,500, zinazolipwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Ukitaka gharama zihesabiwe, mwandikie Kamishna wa KRA ujiondoe katika mfumo huo, kisha ujaze ritani ya mwaka ifikapo Juni 30. Hapo utatoa riba ya mkopo wa nyumba (si mkopo wenyewe, wengi hukosea hapa), ada ya kaunti, bima, malipo ya wakala na matengenezo. Kubadilisha bomba linalovuja ni matengenezo. Kuongeza chumba si matengenezo.

Samani hazitolewi zote kwa mkupuo. Kiwango ni asilimia 10 ya bei kwa mwaka: kochi na vitanda vya shilingi 300,000 vinakupa 30,000 mwaka wa kwanza.

Tafadhali dai ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) kwa kila fundi na duka. Risiti ya mkono ya fundi wa mabomba haitakubaliwa.

Mwenye mkopo mkubwa hufaidika akijiondoa. Asiye na mkopo, mara nyingi asilimia 7.5 humtosha.