Je, Desmond Doss alijificha nyuma ya bunduki za wenzake?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nyumbani tulibishana hadi usiku kuhusu Desmond Doss, yule Mmarekani aliyekuwa tabibu wa jeshi katika Vita Kuu ya Pili akakataa kushika silaha kwa sababu ya dini yake. Kaka yangu anamsifu mno. Mimi naona wenzake waliua ili yeye aishi, naye akabaki na mikono safi. Nimekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata askari wenzake walimuuliza hayo, tena kwa ukali kuliko wewe. Kwenye mafunzo walikuwa wakimrushia viatu akipiga magoti kusali, na wakubwa wake walitaka kumwondoa jeshini kwa madai kwamba hana akili timamu.

Ni kweli kwamba kikosi chake kilipigana kwa bunduki, na zilimkinga yeye pia. Hilo sikupingi. Lakini nimekuwa muuguzi wa majeruhi miaka mingi, na hayo maneno yako "mikono safi" yamenikaa kooni. Anayeziba jeraha la mtu aliyekatika mguu hana mikono safi.

Kumbuka pia kwamba angeweza kutokwenda kabisa. Alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya meli huko Newport News, Virginia, kazi iliyompa haki ya kuahirishiwa uandikishaji. Aliingia jeshini Aprili 1942 kwa hiari yake. Alikuwa Msabato, aliichukua amri ya "Usiue" kama ilivyoandikwa, lakini hata siku ya Sabato alihudumia majeruhi, kwa sababu Yesu aliponya siku hiyo. Hakupenda kuitwa mpinga vita. Alisema yeye anashirikiana na wenzake, ila bila silaha.

Sasa twende kisiwa cha Okinawa, Japani, Mei 1945, juu ya jabali refu la Maeda. Wajapani walishambulia kwa nguvu, kikosi kikaamriwa kurudi chini. Wenye nguvu wakashuka. Majeruhi wakabaki juu, na Doss akabaki nao. Aliwaburuta mmoja mmoja hadi ukingoni, akawafunga kwa fundo la vitanzi viwili alilojifunza zamani, kila mguu na kitanzi chake, kamba nyingine kifuani, akawateremsha. Alisimulia baadaye kwamba kila alipomshusha mmoja alimwomba Mungu ampe mwingine. Niambie basi, mwanangu: saa zile zote alikuwa akilindwa na bunduki ya nani?

Yeye alikadiria watu 50, wakubwa wake wakasema 100. Wakakubaliana kuandika 75. Mimi niliyewahi kumshusha mgonjwa mmoja tu ngazini, tena tukiwa wawili, nikizifikiria zile kamba nasikia mgongo wangu ukiuma.

Tarehe 21 Mei guruneti lilimjeruhi miguu yote miwili. Alijifunga mwenyewe, akangoja kwa muda wa saa 5 badala ya kumwita tabibu mwingine atoke mafichoni. Walipombeba kwenye machela, akaona mtu aliyeumia zaidi, akajiviringisha chini ili huyo apewe nafasi. Kisha risasi ikamvunja mkono. Hapo ndipo aliposhika bunduki: alifunga kitako chake mkononi kuwa gango, akatambaa kuelekea kituo cha tiba.

Rais Truman wa Marekani alimvisha Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi nchini humo, tarehe 12 Oktoba 1945, na hakuna mkataa silaha aliyewahi kuipata kabla yake. Vita vilimwachia kifua kikuu, kikamgharimu pafu moja na mbavu 5.

Swali lako wanaoweza kulijibu kuliko mimi ni wale warusha viatu. Alipojeruhiwa alipoteza Biblia ndogo aliyopewa na mkewe, Dorothy, akatuma ujumbe kwamba haioni. Askari wa kikosi chake wakarudi kuisaka palepale walipopigana, wakaipata, wakamtumia.