Kupakana si uhusiano wa usawa
Hapana mkuu, "kupakana" kwa mikoa, ulikouliza, hakufai kuwa mfano wa uhusiano wa usawa, yaani uhusiano unaotimiza masharti matatu: kila kitu kihusiane na chenyewe; ukigeuza, ubaki kweli; na ukivuka, yaani cha kwanza kikihusiana na cha pili, na cha pili na cha tatu, basi cha kwanza kihusiane na cha tatu. Kugeuza kunakubali: Mtwara ikipakana na Lindi, na Lindi inapakana na Mtwara. Kinachokwamisha ni kuvuka. Mtwara inapakana na Lindi, Lindi inapakana na Pwani, lakini Mtwara na Pwani hazigusani hata kidogo, wilaya nzima ya Kilwa iko katikati! Tena mkoa haupakani na wenyewe, kwa hiyo sharti la kwanza nalo limeanguka. Ukitaka uhusiano unaotimiza masharti yote matatu, chukua "kuwa wilaya za mkoa mmoja": Newala na Tandahimba kundi hili, Ruangwa na Nachingwea kundi lile, hakuna wilaya iliyo katika makundi mawili. Nafundisha hesabu hapa Masasi, huwa natumia ramani ya ukutani.