Maswali na Majibu: Morumbi, ushuani kwa São Paulo

Maswali ya wiki hii yamezaliwa na picha moja ya jiji la São Paulo, Brazili, basi nianze nayo.

Ile picha ya ghorofa lenye bwawa la kuogelea kila baraza, na pembeni mabanda yamebanana, ni ya kweli au ni kazi ya kompyuta? (Msomaji, Morogoro)

Ni ya kweli. Ilipigwa mwaka 2004 na Tuca Vieira, akifanya kazi gazeti la Folha de S.Paulo. Kulia ni Morumbi, mtaa wa matajiri, kushoto ni Paraisópolis, mtaa wa maskini, na kati yao ukuta mmoja tu. Ila neno “mabanda” tuliache. Nyumba nyingi za Paraisópolis ni za tofali. Hazijapigwa lipu, lakini zimepanda ghorofa mbili tatu, kila moja na tangi lake la maji juu. Watu wamewekeza maisha yao pale.

Kwa nini serikali iliwaacha maskini wavamie ardhi ya matajiri? (Msomaji, Nairobi)

Ndugu yangu, mambo hayakwenda hivyo. Eneo lote lilikuwa shamba, na zamani lililimwa chai. Mwaka 1921 sehemu yake ilikatwa viwanja, barabara zikachorwa mrabamraba, lakini wengi walionunua hawakuviendeleza. Kuanzia miaka ya 1950 familia zisizo na kitu zikaanza kuhamia, nyingi zikitoka Kaskazini-Mashariki mwa Brazili kufuata kazi za ujenzi. Wakati huohuo Morumbi ilikuwa inainuka: majumba ya kifahari, na uwanja wa mpira wa klabu ya São Paulo uliofunguliwa 1960. Waliobeba zege mchana walihitaji mahali pa kulala usiku. Leo Paraisópolis ina watu zaidi ya 50,000, na kila alfajiri wengi wao hupanda kilima kwenda kupika, kufua na kulinda mageti ya jirani zao. Ukitaja Morumbi bila wao, umetaja nusu ya mtaa.

Eti wafanyakazi wa ndani wana lifti yao? (Msomaji, Mombasa)

Majengo mengi ya Brazili yana lifti mbili, ya wakazi na wageni, na ya “huduma”. Mwaka 1996 jiji la São Paulo lilitunga sheria ya kukataza ubaguzi kwenye lifti. Utakuta kibao kimebandikwa karibu na mlango: ni marufuku, na faini ipo, kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, asili au hali yake ya maisha. Inaniuma kwamba ilibidi kuandikwa. Kisha mwaka 2013 katiba ya Brazili ilirekebishwa, dada wa kazi akapewa saa 8 kwa siku, 44 kwa wiki, na malipo ya saa za ziada. Wewe mwenye dada nyumbani, hesabu saa zake leo.

Nitakuwa São Paulo siku moja tu. Niende wapi huko Morumbi? (Msomaji, Dodoma)

Nenda Casa de Vidro, Nyumba ya Vioo, aliyoichora Lina Bo Bardi, mzaliwa wa Roma, ikakamilika 1951. Sebule imesimama juu ya nguzo nyembamba za chuma, na katikati yake umeachwa uwazi ili mti upite. Weka miadi kabla.

Muda ukibaki, pita Makaburi ya Morumbi kwenye kaburi la Ayrton Senna, dereva wa mbio za magari. Hakuna mnara, ni kibao kidogo kwenye majani chenye maneno ya Kireno: hakuna kinachoweza kunitenga na upendo wa Mungu.