Aliyemwagiwa tindikali anadaije fidia?

Pole sana dada kwa yaliyomkuta mdogo wako. Umeuliza: mtuhumiwa akifungwa, matibabu atalipa nani? Kwa Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu inaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa anayemmwagia mtu tindikali kwa nia ya kumdhuru. Akitiwa hatiani, mahakama inaweza pia kumwamuru alipe fidia, ila msikae kusubiri hakimu akumbuke; mwambieni mwendesha mashtaka aiombe. Tunzeni nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), risiti zote, hata za bandeji, na picha za majeraha. Nguo iliyoungua wapeni polisi bila kuifua. Fidia ikiwa kiduchu, fungueni kesi ya madai ndani ya miaka 3 tangu tukio. Ila asiye na mali hakamuliki, kwa hiyo chunguzeni mapema kama ana kiwanja au gari.