Maswali ya Wasomaji: Nani Atayasoma Maisha ya Fundi Cherehani?

SWALI: Mhariri, baada ya salamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na kwa miaka sita nimekuwa nikiandika daftarini mambo yanayopita barazani ninaposhonea. Sina cheo wala sijasafiri mbali. Je, habari za mtu wa kawaida zaweza kumfaa msomaji asiyemjua? Nakuletea kurasa mbili uzione.

JIBU: Ndugu yetu fundi, zaweza, ingawa kati ya kurasa hizo ni mmoja tu unaotufanya tuseme hivyo. Ule unaoeleza kwamba subira huvuta heri ungeweza kuandikwa na yeyote, hata asiyewahi kutunga uzi sindanoni. Lakini ule wa mama aliyeleta sketi ya shule ya bintiye ishushwe upindo kwa mara ya tatu, nawe ukaihesabu mistari iliyoachwa na mikunjo ya zamani, tuliusoma mara mbili hapa ofisini, kwa kuwa umetuonyesha mtoto anavyorefuka na mama anavyojibana bila kulitaja neno umaskini hata mara moja.

Kuhusu cheo, Samuel Pepys alikuwa nacho, katika ofisi ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, na shajara aliyoiandika kwa hati mkato tangu tarehe 1 Januari 1660 hadi mwaka 1669 imejaa habari za wakubwa. Hata hivyo, wengi wanachokumbuka ni kwamba moto mkubwa wa London wa mwaka 1666 ulipokaribia, alifukia shimoni divai yake pamoja na jibini ya Parma. (Sisi pengine tungeanza na gunia la mchele.) Hesabu ya nyumba zilizoteketea utaipata kwingine, lakini mtu anayehangaikia jibini huku mji unawaka, humpati ila kwake.

Pepys pia hakujipamba, bali aliandika hata wivu wake na aibu zake. Hapo ndipo tuna neno nawe, maana katika kurasa zako kila mteja anayegombana nawe ndiye mkosaji. Jina la mama yule lifute, asije akajisoma. Kisha tuletee habari za siku uliyoharibu kitambaa cha mtu mkesha wa Idi, na ulichomwambia alipokuja kuchukua nguo yake.